Valvu Iliyofungwa Uzi

Jumatatu, 3 Machi

Baba amempa Mkwe Dhahabu ile redio. Ile redio! Ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, ya boksi la mbao, iliyokaa juu ya kabati la vyombo tangu sijaota meno. Imekuwa bubu miaka mingi. Kila mwaka nasema nitaifungua, kila mwaka Baba ananijibu haraka ya nini. Leo haraka imepatikana.

Nimewakuta sebuleni, vichwa viwili juu ya redio moja. Mkwe Dhahabu ni mume wa mdogo wangu, mpima ardhi, na pasi pekee aliyowahi kushika ni ya nguo, si ya kulehemu. Anafuta vumbi kwa leso yake mwenyewe! Mama kasimama pembeni anatabasamu kama anapigwa picha. Nikasema hongereni. Sauti ilitoka nyembamba, hakuna aliyegeuka.

Fundi wa nyumba hii ni mimi. Kibao kipo juu ya mlango wa karakana, Baba alikiandika kwa mkono wake siku aliyoniachia kazi. Sijui kama kuna anayekisoma.

Jumatano, 5 Machi

Nimemuuliza Mama, kwa kuzungukazunguka, huku tunamenya vitunguu. Kumbe sikio la kushoto la Baba limekwisha kabisa, na la kulia liko njiani. Daktari kasema halirudi. Anataka aisikie redio yake mara moja kabla hajawa kiziwi. Nikasema, basi si angenipa mimi? Siku tatu tu ningeimaliza!

Mama akacheka. Ndiyo maana, akasema. Baba anasema wewe ameshakufundisha, ila huyu asipofundishwa kitu atabaki mgeni humu ndani mpaka aote mvi.

Kwa hiyo mimi nimeisha. Nimefundishwa, nimefunikwa, nimewekwa kabatini. Vitunguu vilinisitiri, hakuna aliyeuliza machozi ya nini.

Ijumaa, 7 Machi

Wanafanyia kazi barazani, kwenye mwanga. Dirisha la karakana linaniletea yote bila kuchungulia. (Nimechungulia.)

Baba kamfundisha habari ya balbu. Redio iliyolala miaka mingi huichomeki ukutani hivi hivi, utaiunguza. Umeme unaupitisha kwanza kwenye balbu ya kawaida. Balbu ikiwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti. Ikififia, endelea. Wakawasha — ikawaka baraza zima! Nikafurahi. Naandika kwa kuwa hakuna wa kusoma: nilifurahi mpaka nikajishika mdomo. Halafu wakabadilisha kapasita mbili zilizovimba, balbu ikafifia vizuri, na mimi nikafifia nayo.

Kisha nikaona jambo. Mkwe anapima kwa mita, mkono wa kulia ndani ya redio, wa kushoto kautia mfukoni.

Hiyo ni yangu! Baba alinifundisha nikiwa na miaka tisa. Mkono mmoja kazini, mmoja mfukoni, umeme usipate njia ya kupitia moyoni. Gauni langu halikuwa na mfuko, Mama akashona mmoja kwa ajili hiyo tu. Miaka yote nilidhani ni jambo letu wawili. Roho imeniuma, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi

Chini ya ile redio palikuwa na kiungo nilichokilehemu nikiwa na miaka kumi. Kibaya, kinene, kama pipi iliyotafunwa. Baba hakukigusa, alisema kinashika.

Leo Mkwe kaja karakana anameremeta. Dada, nimekuta mahali fundi fulani alipaharibu, nimepasafisha, nimelehemu upya, hebu njoo uone. Nikaenda. Nikaona. Kazi safi, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Fundi fulani!

Jumanne, 11 Machi

Sijui niandike vipi. Niandike tu.

Valvu ya mwisho, ile inayosukuma sauti kwenye spika, imekutwa na ufa. Mkwe akaja kuniuliza kama ninayo. Ninazo mbili, kwenye kopo la Baba. Moja nzima. Nyingine imechoka, na hiyo ina uzi mweusi kiunoni. Ni utaratibu wa Baba. Valvu iliyochoka inawaka sawasawa na nzima, kwa macho huijui kamwe, kwa hiyo yeye akishaipima huifunga uzi asije mtu akadanganyika.

Nikamwambia ipo moja tu. Nikampa mgongo, nikaufungua uzi, nikampa ile.

Kaipokea kwa mikono miwili kama kifaranga. Akasema, dada, bila wewe mimi si kitu humu. Heri angenitukana.

Alhamisi, 13 Machi

Ile nzima nimeihamishia mfuko wa kushoto wa aproni, isije ikaonekana kwenye kopo. Uzi nao umo. Nilisema nitautupa asubuhi. Sasa ni mchana.

Baba kaniuliza mezani kwa nini sili. Nimejikaza kisabuni, nikasema kazi nyingi.

Jumapili, 16 Machi

Wameiwasha leo, baada ya chakula cha mchana. Tulikusanyika wote sebuleni, Baba kavaa shati la kutokea. Mkwe akazungusha kitufe. Balbu ikafifia, valvu zikaanza kuwa nyekundu taratibu, tukangoja. Sauti ikaja. Mwanaume anasoma habari, kwa mbali, kama yuko nyumba ya tatu. Mdogo wangu akapiga makofi. Mkwe akacheka kwa raha, maskini, anadhani redio za zamani ndivyo zinavyosema.

Baba akavuta kiti. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Akalaza sikio la kulia kwenye kitambaa cha spika, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu.

Akauliza, mnasikia?

Wakajibu wote, tunasikia!

"Basi ni mimi," akasema. "Basi. Yamekwisha."

Hakulalamika. Akampa Mkwe mkono, akamwambia kazi nzuri mwanangu. Mama akageuka ukutani kurekebisha pazia ambalo halikuwa na kasoro. Na mimi nimesimama mlangoni na aproni yangu.

Baba akaniona. Akamwambia Mkwe, mtazame dada yako. Kazi si yake, yuko mbali na umeme, na mkono wa kushoto bado uko mfukoni. Huyo ndiye mwanafunzi wangu. Wa kwanza, na hajatokea mwingine.

Wiki mbili nayasubiri maneno hayo! Na yamenikuta nimeshika nini mfukoni humo?

Nikasema nafuata bisibisi. Niko karakana. Naandika kwanza. Nimefikiria kusema kuna nyingine nimeiokota leo kwenye kopo. Lakini kila valvu ya kopo hilo aliipima Baba mwenyewe, na ule uzi aliufunga yeye. Akiziona mbili pamoja atauliza swali moja tu, uzi uko wapi, na atauliza mbele ya Mkwe, mbele ya Mama. Nikinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Ila Baba ataishi akidhani amekuwa kiziwi leo, Jumapili, na kumbe sikio lake bado lina siku.

Mdogo wangu kafika mlangoni na ujumbe. Baba kakataa redio izimwe. Anasema uje, usikilize wewe, useme ni redio au ni masikio yake. Anasema sikio lako alilifundisha mwenyewe, utakalosema ndilo atakaloamini.

Nimemjibu nakuja.

Sasa ananiita mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko inavyotakiwa, kama vile sisi ndio tusiosikia. Bisibisi hii hapa. Valvu imeshika joto la mkono wangu. Na huu uzi umejisokota kidoleni, nauvuta hautoki —