Kula Kwenu Kwanza, Ndipo Uje

Zaïtoun, shoga, uko wapi?! Tadjiddine anaivuruga harusi ya Echata, na bwana harusi ni yeye mwenyewe!

Unaijua Emacs yake, ile programu anayoandikia kila kitu. Kwa utani aliitilia fanksheni, yaani amri ndogo, ya Lisp, lugha ya programu hiyo: kila akihifadhi faili, chini inaongeza "Kula kwenu kwanza, ndipo uje."

Kabla ya kuandika kadi akataka kuitoa. Akaiandika upya kwa kichwa, akaiamuru Emacs iondoe inayolingana nayo. Kazi ileile! Ila jina moja la ndani alilibadilisha, Emacs ikaona hazilingani, haikuondoa kitu, ikanyamaza. Yeye akauchukua ukimya ule kama wa bibi harusi anapoulizwa: amekubali.

Kadi mia mbili za mwaliko, zote na mstari ule chini. MIA MBILI! Yako iko njiani kuja Nosy Be, usimwonyeshe mtu.

Leo kaja Amborovy kwa mama mkwe, Bi Mariamou, na barua ya kuomba radhi. Mama mkwe akaisoma kwa sauti mbele ya wajomba, mpaka mstari wa mwisho:

"Kula kwenu kwanza, ndipo uje."

Kaiandikia kwenye Emacs ileile!!

Bi Mariamou akanyamaza. Safari hii Tadjiddine hakudhani amekubaliwa.