Pini ya Tingatinga

Dada yangu,

Huku tunapumua. Mvua imekata na jalala linafuka moshi kama kawaida yake. Wakaguzi wa usalama wanakuja keshokutwa, kwa hiyo tangu Jumatatu naandaa mitambo ya kuzimia moto kwenye matingatinga. Napima uzito wa mitungi, nafuta mipira, nabandika kadi mpya.

Kabla ya kuosha tingatinga tunachomeka pini kwenye kitufe cha kuzimia moto, dawa isije ikafyatuka. Ukimaliza unaichomoa. Ikibaki, dereva atabonyeza mpaka kidole kiume na hakitatoka kitu.

Msimamizi ameniuliza mbona siku hizi nazikagua pini mara tatu tatu. Nikamwambia ni uzee.

Kule msibani uliniuliza kama shemeji alizubaa tingatinga lake liliposhika moto, maana ripoti inasema hakubonyeza kitufe. Alibonyeza, dada. Asubuhi ile tingatinga lake nililiosha mimi. Pini niliichomoa moto ulipokwisha kuzimwa, kabla hawajaja kuchunguza.

Hicho kichuma kilichodondoka ulipofungua bahasha ndicho.

Wasalimie wapwa zangu, kama utaona vema.

Mdogo wako