Halbadiri ya Bangili za Mama

Dada yangu Mize,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, dada. Hii ni shikamoo ya mtu aliyepiga magoti, si ile ya kutupiwa mlangoni.

Natumai karatasi hii itakukuta hapo kwetu Vitongoji u mzima, wewe na shemeji na watoto, na mama yetu naye. Mguu wako vipi? Nilisikia kwa shangazi kuwa umevimba tena. Mimi huku Uingereza mwili unakwenda. Baridi imeanza, jua linachungulia tu na kuondoka, na wiki iliyopita nimeng'olewa jino. Jino hilo ndilo lililonikalisha hapa niandike. Nitafika kwenye jino, dada. Usiniharakishe, maana nikiharakishwa nitaikunja barua hii niitie mfukoni kama nilivyozitia tatu za mwanzo.

Utasema, kwa nini barua zama hizi? Simu zangu hupokei, na hiyo ni haki yako. Lakini hata ungepokea, najijua. Nikifika penye uzito ningejifanya mtandao umekatika. Karatasi haikatiki. Na karatasi inaweza kusomwa mbele za watu, na hii naitaka isomwe.

Naanza na kazi yangu. Hapo nyumbani mnaniita daktari. Watoto wakiniona barabarani hupiga kelele, "Daktari Kombo!" na mimi huwapungia mkono. Dada, mimi si daktari. Sijawahi kuwa daktari hata kwa siku moja. Nafanya kazi kwenye maabara ya madaktari wanaochunguza uzee na maradhi ya ubongo, hilo kweli, lakini kazi yangu ni kuosha vizimba vya panya. Naondoa mavi yao, naweka maji, naweka chakula, nahesabu waliokufa. Nilisema mara moja kwamba niko "na mambo ya ubongo," watu wakajaza yaliyobaki, nami nikawaacha wajaze. Lilikuwa tamu hilo jina.

Ungekuwa uongo wa kujipamba tu, ningekuomba ucheke yaishe. Lakini uongo huo ndio niliokuumiza nao.

Unakumbuka mwaka ule nilipokuja. Siku ya tatu mama alinishika mkono akanivuta chumbani. "Kombo, Mize kanichukulia bangili zangu. Zile za dhahabu alizonioa nazo baba yenu. Nimemwona kwa macho yangu haya, kazichukua kampelekea mumewe." Analia, machozi yanashuka. Nani asingemwamini mama anayelia?

Nikakufuata jikoni. Wewe hukupandisha sauti. Ulifuta mikono ukaniambia, "Kombo, mama si yule uliyemwacha. Anatia chumvi kwenye chai. Jana kaenda kutafuta kisima kilichofukiwa kabla hatujazaliwa. Vitu vyake anavificha mwenyewe, kisha hajui."

Na mimi, muosha vizimba, nikakujibu nini? Nikakujibu, "Usinifundishe habari za ubongo, ndiyo kazi yangu hiyo." Loo! Kila nikikumbuka maneno yale natamani ardhi inimeze. Nikamwita mama barazani, majirani wanaona, nikamwuliza majina ya wajukuu, akayataja. Nikamwambia asome Yasini, akaisoma mpaka mwisho bila kukwama. Nikawageukia watu nikasema, "Mama ana akili timamu, nimempima mwenyewe." Watu wakaitikia, maana daktari kasema. Kuanzia hapo maneno yako yote yakawa ya mtu anayemsingizia mama yake wazimu ili afiche wizi.

Nikapekua chumba chako. Nikapekua sanduku la nguo zako za harusi, nikatia mkono hata kwenye pipa la mchele. Shemeji alisimama kando ananitazama, hakusema kitu. Chumba changu tu ndicho sikukipekua.

Kisha nikaisomesha halbadiri. Maalim wa chuo cha Kurani aliniambia, "Kombo, halbadiri si kitu cha kuchezea. Ngoja, tafuteni kwanza." Nikamwambia tumeshatafuta. Tukatangaza siku tatu kwamba aliyechukua arudishe, na siku zilipokwisha watu wakaja wakakaa mkekani, ubani ukafukizwa, majina ya mashahidi wa Badri yakasomwa yote. Mbuzi nilinunua mimi, na chakula, dada, ulipika wewe. Watu walikuja kumwombea mwizi maangamizi, na macho yao yako kwako, na wewe ndiye uliyewaandalia. Nakumbuka ulisimama nyuma ya pazia na mwiko mkononi, na ilipofika dua ulisema "Amin" kwa sauti kuliko wanawake wote. Mimi nikasema moyoni, tazama, mwanamke huyu hana haya.

Asiye na haya alikuwa mimi.

Nikarudi huku. Yaliyokufika baada ya hapo nayajua yote, shangazi alikuwa akinipa habari. Ng'ombe wako kufa, watu wakasema halbadiri ndiyo hiyo. Mguu kuvimba, ndiyo hiyo. Kwenye shughuli za harusi wakaacha kukupa funguo za stoo, wewe uliyekuwa mkuu wa jiko pale mtaani. Na bado kila asubuhi unamwogesha mama, na yeye anakuuliza bangili zake ziko wapi.

Sasa nikueleze lililonifumbua macho.

Kati ya panya wetu wazee alikuwako jike mmoja nikimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mpole, na akiishi kizimba kimoja na jike mwenzake aliyekuwa akimsafisha masikio kutwa. Alipozidi kuzeeka akaanza vituko. Anachukua chakula anakizika chini ya makaratasi ya kulalia, kisha anazunguka anakitafuta, hakipati. Halafu anamrukia mwenzake kwa meno. Siku moja nikamkuta yule mwenzake sikio limepasuka. Nikamwita daktari wetu, mama mmoja wa Kihindi mwenye subira sana, nikamwuliza, "Kwa nini anamuuma huyu anayemtunza?"

Akasema, "Kwa sababu ndiye aliye karibu."

Dada, nilikaa juu ya ndoo.

Akaona nimebadilika, akakaa nami akanieleza taratibu. Ndani ya ubongo mna seli za ulinzi. Kazi yake ni kusafisha taka na kupigana na vijidudu, na ujanani hufanya kazi kisha zikatulia. Zikizeeka hazitulii tena. Hukaa zimewaka hata pasipo adui, na mwisho huanza kula viungo vizima, vile vinavyounganisha kumbukumbu na kumbukumbu. Nikakumbuka yule mzee mlinzi wa skuli yetu, alipozeeka akawa anawafukuza waalimu kwa rungu akidhani wezi. Nilipomsimulia daktari akacheka, akasema ni karibu na hivyo. Tena akasema kuna seli nyingine mwilini zimechoka, hazigawanyiki wala hazifi. Zimekaa tu, zinatoa sumu kidogo kidogo inayozichokoza jirani zake mpaka nazo zinaharibika. Hayo yakikusanyika miaka na miaka, mwengine hupata ugonjwa wa kusahau. Alinionya kuwa panya si mtu, na kwamba wao wenyewe bado wanatafuta, mengi hawayajui.

Nikamwuliza, "Na kwa mtu, anaweza kusoma aliyohifadhi utotoni bila kukosea, na huku mgonjwa?"

"Anaweza sana. Ya zamani hukaa. Ya jana ndiyo yanayopotea. Huficha kitu, akasahau kama kakificha, akamshuku anayemhudumia. Wala hasemi uongo. Yeye kaona hivyo."

Kumbe Yasini yangu ilikuwa haipimi kitu. Ulichoniambia wewe jikoni kwa maneno mawili, bila kusoma popote, ndicho alichoniambia yule daktari na vyombo vyake vyote.

Ungedhani siku ile ile nilichukua simu. Sikuchukua. Hapa ndipo penye aibu yangu kubwa kuliko zote, na ningeweza kupapita, usingejua. Hayo niliyajua kabla ya Ramadhani. Tukafunga, tukafungua, Idi nikaongea na shemeji habari za bei ya mchele, na leo tumo Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu tangu tufungue. Miezi yote hiyo nilijua, nikanyamaza. Nilijiambia, labda mama mgonjwa na Mize kachukua vilevile. Nilijiambia bangili hazijaonekana, ushahidi hauko. Kusema kweli niliona vibaya kurudi kwa watu niliowaambia "nimempima mwenyewe." Nikaona bora ubaki mwizi wewe kuliko niwe muongo mimi.

Sasa jino.

Siku niliyoondoka, mama alinipa kopo la maziwa lililojaa karafuu, mdomo kaushona kwa kitambaa. Unalikumbuka, maana ulicheka ukasema huko Ulaya nitazila na nini. Alikuwa amelitayarisha tangu siku ya pili ya kufika kwangu, akalisukuma chini ya kitanda changu namwona. Nililiweka juu ya kabati huku, sikulifungua hata mara moja. Nikipita nanusa, naikumbuka nyumba. Basi juma lililopita jino likanishika, shavu limefura, na daktari wa meno hana nafasi mpaka Alhamisi. Nikasema, tuna dawa yetu. Nikakata ule uzi, nikatia vidole kutafuta karafuu nitafune.

Nikagusa kitambaa. Kipande cha kanga ya mama, ile ya rangi ya manjano, kimefungwa fundo. Ndani bangili zote mbili.

Zilikuwa chini ya kitanda changu, dada. Siku nalia na mama chumbani zilikuwa hapo. Siku natia mkono kwenye mchele wako zilikuwa hapo. Siku wanasoma na wewe unasema "Amin" zilikuwa hapo, na mimi nikazipakia mwenyewe nikavuka nazo bahari. Mama alinipa, pengine kama zawadi ya mke nitakayemwoa, akasahau kabla jua halijachwa. Hana kosa. Wewe huna kosa. Mwizi wa halbadiri ile ni mimi. Sisemi kuwa jino ni yale maangamizi. Jino lilioza kwa peremende. Lakini usingizi wangu hauko sawa.

Na bado nikatafuta njia ya kujificha. Kuna kijana wa Tumbe anarudi mwezi huu. Nilifikiri nimpe bangili, yeye ampe shangazi kwa siri, shangazi aziingize kwenye godoro la mama kisha azigundue. Watu waseme alhamdulillah, mambo yaishe, asiwepo mkosa. Nilishapanga hata jinsi nitakavyoshangaa kwenye simu. Nilijisikia mwenyewe nikifanya mazoezi ya kushangaa, hapo nikaona nimefika pabaya.

Kwa hiyo kijana analeta barua tu. Bangili nakuja nazo mimi, nimeshapewa ruhusa, mwezi ujao Mungu akipenda. Ukishasoma, mpe Maalim. Namwomba awaite walewale, wakae mkekani palepale, nami nisimame niseme kwa mdomo wangu kuwa mimi ni muosha vizimba, kuwa sikumpima mama, na kuwa dhahabu nilikuwa nayo. Siku hiyo usipike. Usishike hata mwiko. Keti mbele, watu wakutazame vizuri. Msamaha sikuombi leo. Nikishasema mbele yao, ukipenda utanipa, usipopenda nitajua kwa nini.

Mama mpelekeni hospitali ya mjini Chake wamtazame, maana daktari ananiambia kusahau kwengine kunasababishwa na mambo yenye dawa. Na msibishane naye.

Nisalimie shemeji, mwambie ile siku aliponinyamazia nimeielewa sasa. Nisalimie shangazi yetu, namshukuru kwa habari zake, ila zile za kukusema wewe sasa aziache. Nisalimie Maalim wa chuo, aliyeniambia ningoje. Wanao wabusu, na wakome kuniita daktari.

Na mama, dada. Akikuuliza tena asubuhi bangili zake ziko wapi, usinyamaze kama ulivyozoea. Mwambie, "Anazo Kombo." Akisahau akauliza tena, mwambie tena. Nitaje kila siku mpaka nifike.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,
Kombo