Namba Isiyo na Nane

Baba Neema, mume wangu,

Habari za hapo Bonga? Mama anaendeleaje na goti lake? Neema anakula, au bado anachagua mboga? Mimi mzima, ila baridi ya huku Njombe imenipasua midomo. Mafundi wa barabara ninaowapikia wameongezeka, na sufuria ni zile zile. Basi, habari njema zimeishia hapo. Sasa kaa chini.

Umeniandikia kurasa mbili, na karibu zote ni Madam Happy, mpangaji wetu, anavyokufundisha hesabu ili urudie mtihani wa kidato cha nne. Sawa, nilikubali mwenyewe. Lakini unasema amekuonyesha namba ya ajabu, 12345679, imejipanga vizuri kabisa, ila "haina nane, na hapo ndipo penye uzuri wake."

Haina nane! Wewe uliyenibandika jina la Nane kwa kuwa nilizaliwa sikukuu ya Nane Nane, mpaka mama yako ananiita hivyo, umeandika hayo kwa mkono wako? Nimeona wivu, Baba Neema, sikufichi. Siku hiyo mafundi walikula wali mbichi.

Eti ukiizidisha kwa tisa zinatoka moja tupu, 111111111, mkacheka wote wawili mpaka chai ikapoa. Chai gani? Si majani niliyotuma mimi? Na hiyo moja iliyojaa ukumbini kwangu naijua ni nani.

Nikachukua mkaa na kipande cha katoni, nikaizidisha kwa nane. Ikaja 98765432. Nikadhani nimekosea, nikarudia, ikaja ile ile. Umeona lakini? Nane imeingia, moja imetoka. Itafute, haipo popote. Hiyo nayo nikaizidisha kwa tisa: 888888888. Nane tupu, kutoka mlangoni mpaka uani! Nikacheka peke yangu jikoni. Halafu nikalia kidogo, maana ni namba nzuri kweli, na nilitaka tuione kwanza mimi na wewe. Yeye amekaa kwenye kiti changu akaiona kabla yangu.

Mama mpe shikamoo yangu, mwambie dawa ya kuchua naileta mwenyewe. Dada yako wa Mutuka msalimie, na asithubutu kumnyoa Neema nywele. Neema mbusu mashavu yote.

Na Madam Happy msalimie pia. Mwambie namba yake nimeipenda, kisha mwonyeshe nilivyoizidisha kwa nane. Bosi amenipa ruhusa, Jumamosi naingia Babati, nije nyumbani. Huyo Madam ni mwalimu wa hesabu, atajua nani anatoka.

Mkeo,
Nane