Kizibao Chekundu cha Wodini

Mtaa wa Jara,
Gabès, Tunisia.
9 Novemba 2019

Mpendwa Shangazi Wassila,

Assalamu alaykum. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Montreal? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama amekuwekea tende, anatafuta msafiri wa kumpa.

Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu imepooza. Ni uchovu wa wodini, Shangazi. Wakati wa joto, Hayet, yule muuguzi mcheshi uliyecheza naye harusini kwetu, alimchoma mtoto sindano yenye kipimo cha mtu mzima. Mtoto alipona, lakini baada ya kulala mahututi siku nyingi. Wakubwa wakataka Hayet afukuzwe, yaishe.

Mimi msimamizi wake nilikataa. Niliwaambia akiondoka huyu, kesho atakosea mwingine. Kwanza tutazame dawa inavyoandaliwa. Tulichokiona kilitia aibu. Muuguzi hajazi bomba moja la sindano bila kusumbuliwa: huku ndugu wa mgonjwa, huku simu, huku daktari anadai faili.

Tukaanza na jambo dogo. Anayepima dawa avae kizibao chekundu, na asisemeshwe. Tulichekwa, mzee mmoja alinifananisha na muuza buchani, akaniuliza kama nyama ya leo ni ya kondoo. Tulipofuatilia, makosa hayakupungua, kwa sababu meza ya dawa ilikuwa mlangoni pa wodi. Tukaihamishia chumba cha ndani, tukafuatilia tena.

Dakta Slaheddine, mpasuaji wetu, akanifuata huko huko akiniita, nami nimevaa kizibao napima dawa.

"Subiri nje, Daktari."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Na yule mtoto ulimwona mwenyewe."

Akatoka. Siku hizi yeye ndiye anayewanyamazisha wengine, na makosa yamepungua sana.

Jumapili nilikwenda kwa Hayet kumwomba arudi, maana aliacha kazi mwenyewe, hakungoja uamuzi. Alinimiminia chai ya lozi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimefurahi kwa ajili ya wagonjwa, dada Mongia," akasema. "Lakini siku hizi hata dawa ya kikohozi ya mwanangu, anayempimia ni baba yake; mimi sithubutu."

Nilimaliza chai, nikaenda zamu.

Nisalimie Mjomba Taoufik na binamu Olfa. Mungu akupe afya na akurudishe kwetu salama. Na ukiswali, umtaje Hayet.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Mongia