Kivuli cha Nyumba ya Maxwell

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Karungu. Nilifika jana kutoka Migori, shule zimefungwa. Mama amekonda. Hakuniuliza kama nimekula — Mama! Ndipo nikajua mambo si mambo.

Baba mdogo Jacktone amekata shauri: Maxwell azikwe. Meli ya uvuvi aliyokuwa akifanyia kazi kaskazini mwa Urusi ilizama mwezi wa tano. Wenzake walipatikana, hai na wafu. Ndugu yangu hakupatikana. Vera, mama aliyempangisha chumba kule, alinieleza kwa simu kwamba bahari yao haimpi mtu nafasi ya kuogelea. Baridi yenyewe inaua. Mtoto wa Karungu, aliyejua kuogelea kabla ya kujua kuvaa kaptura!

Mwili hakuna, kwa hiyo tutazika yago, lile tunda la mwegea, refu na zito. Ndivyo wazee walivyowazika waliomezwa na ziwa. Baba mdogo ni mzee wa kanisa Jumapili na mzee wa ukoo siku zilizobaki. Ila kuna shida. Maxwell aliondoka kabla ya kujenga simba yake, nyumba ya kijana karibu na lango, na kwetu mwanamume hazikwi bila nyumba. Basi nyumba kwanza, kaburi baadaye.

Mimi nimekubali. Nimechoka kungoja. Mama hajasema ndiyo wala hapana. Amesema tu kwamba hakuna aliyemwona mtoto wake amekufa.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimesikiliza tena sauti za Maxwell kwenye simu. Siwezi kuacha.

Ulikuwa mchezo wetu — mimi mwalimu wa Kiingereza, yeye na Kirusi chake. Kila Jumapili neno. Mwaka huu tulikuwa kwenye maneno ya kivuli na ya mahali pa kujisitiri. Yeye ndiye aliyechagua. Alisema baridi ya kule inamfanya mtu awaze paa tu.

Zontik, mwavuli. Warusi walilitoa kwa Waholanzi, na kwa hao lilikuwa jina la kitu cha kukinga jua. Nami nikamjibu kwamba umbrella imepitia Italia, na nyuma yake kuna Kilatini, umbra, yaani kivuli. Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe Mrusi na Mwingereza wote wanatembea kwenye mvua na jina la jua! Nikamwambia asicheke sana, hata mwavuli wetu na kivuli wana harufu ya undugu. Halafu shade na shadow: zamani zilikuwa neno moja, zikaachana njiani. Kama sisi wawili, akasema.

Krov ni paa, makao. Limetokana na kufunika. Ubezhishche — hilo limenishinda ulimi mpaka leo. Ndani yake mna kukimbia. Ni mahali unapokimbilia. Akaniuliza shelter je? Nikampa nilichosoma. Wako wanaosema ilianzia kwa askari wa kale waliosimama wameunganisha ngao, na wako wanaobisha. Alisema yeye anachagua ngao, kwa sababu hapo mtu hayuko peke yake.

Hiyo ndiyo sauti ya mwisho. Aprili. Nimelia chooni, Mama asinisikie.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mafundi wa hapa wamekataa kazi. Kumjengea nyumba ya maziko mtu ambaye hujui kama amekufa ni kujitafutia chira, na mkosi huo unakula hadi wajukuu. Baba mdogo akaenda kumtafuta Magige, Mkuria wa Kegonga, fundi wa nyasi. Anatujengea tangu juzi. Hana maneno mengi. Anaimba kwa Kikuria na kuezeka.

Mama anampikia kuliko anavyotupikia sisi. Leo alimuuliza kama paa litavuja. Magige akasema halitavuja. Baada ya chakula akamuuliza tena. Nilitaka kumwambia kwamba mwenye nyumba hii haoni mvua tena. Namshukuru Mungu sikusema.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Balaa!

Nyumba imekwisha, na juu kabisa, kwenye kilele — osuri. Ule mti uliochongoka unaosimama juu ya nyumba ya mwanamume. Mwenyewe akifa, unavunjwa. Ukiwa umesimama, kila apitaye anajua kwamba mwenye nyumba yuko hai.

Hakuna aliyemwambia Magige asiuweke. Nani angefikiria kumwambia? Mjaluo yeyote angejua. Maskini, alikuwa anatabasamu, amesimama chini akitazama kazi yake.

"Nyumba zote nimeona huku ziko na mti juu," alisema. "Nikaona nisiwaachie kazi nusu."

Baba mdogo akamwagiza apande autoe. Magige akauliza maana yake, akaelezwa. Akafuta panga lake taratibu, akasema kuweka ameweka, lakini kutoa ni kazi ya wenye mtu. Akachukua vitu vyake akaondoka. Ngazi aliyoipigilia hapahapa, ya miti ya mkaratusi, aliiacha imeegemea ukutani. Baba mdogo amesema atapanda mwenyewe kesho, auvunje, ndipo tuzike.

Mama alitoka akatazama juu. Kisha akaleta kigoda chake, akakaa kwenye kivuli cha nyumba ile. Kivuli kilivyosogea, naye akasogea. Jioni alikula ugali wote, akaomba samaki zaidi.

Nina hasira na Magige. Nina hasira na kile kijiti. Nilishamlilia Maxwell nikamaliza, nilidhani nimemaliza, na sasa kila nikivuka uwanja macho yanakwenda juu yenyewe.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Naandika haraka, nyuma ya jikoni.

Wageni wamejaa. Kaburi liko wazi. Yago limelazwa chini ya turubai, limefunikwa shuka la Maxwell. Wanaimba.

Ngazi haionekani! Baba mdogo amezunguka boma lote na suti yake ya kanisani. Vijana walitaka kuparamia, akawakataza, watang'oa nyasi zote mbele za watu. Ametuma mtu kwa majirani akaazime. Osuri bado umesimama, na wageni wameshauona. Wananong'ona.

Nilitumwa jikoni kuulizia chai. Mama alikuwa amechutama mbele ya mafiga, macho mekundu. Moto mkubwa mno kwa chai. Kuni ndefu, zilizonyooka. Kwenye moja kulikuwa na msumari, umeiva mwekundu.

Niliutazama ule msumari. Nikamtazama yeye. Hakuinamisha macho.

"Wapelekee chai, nyathina, mwanangu," aliniambia. "Jua ni kali. Waambie wakae kwenye kivuli cha nyumba ya ndugu yako."

Mlangoni palikuwa na kipande kimoja cha mkaratusi kilichobaki, mtu yeyote angekiona. Nilikiokota. Nilijua ninachofanya. Nikakisukuma motoni.

Baba mdogo ananiita. Anauliza kwa sauti kama mimi nimeiona ngazi —