Ng'ombe wa Mboje Zizini Kwetu

Katandala, Sumbawanga
4 Novemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la mji linanikohoza. Mkono wa kaka Victor unaendeleaje, ameanza kushika jembe? Nakuandikia barua kwa sababu simu unapokelea kule kilimani kwenye mtandao, na pale kila mtu ana masikio. Bahasha nimempa Stanley wa bodaboda, nimeifunga kwa gundi. Ukikuta imefunguliwa, niambie.

Kamati ya usuluhishi ninayoiandikia mihtasari ilikaa jana. Tangu mapigano ya mashambani, Wafipa wanakaa upande wa dirisha, Wasukuma upande wa mlango, na chai ikiletwa hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kunywa. Wamekubaliana kwamba kila nyumba ya Kisukuma iliyolisha mifugo kwenye shamba la mtu itapeleka ng'ombe mmoja kwa mwenye shamba, atunzwe huko mwaka mzima. Maziwa yenu, ng'ombe wao. Mkimaliza mwaka bila ugomvi, kesi zinafutwa. Mkigombana, yote yanaanza upya.

Sisi tumepangiwa Mzee Mboje. Ndiyo, yule yule. Mwanawe ndiye aliyemvunja Victor mkono, na kwa fimbo ya Victor kijana huyo haoni kwa jicho moja mpaka leo.

Mama, naogopa. Ng'ombe akiugua watasema tumemlisha sumu. Kataa kwa adabu, sema huna majani.

Binti yako,
Hellena

Kijijini
19 Novemba 2023

Mwanangu Hellena,

Marahaba. Sisi wazima, mvua zimeanza. Bahasha haikufunguliwa. Stanley aliniuliza umeandika nini, kwa hiyo najua hakusoma.

Barua yako imemkuta ng'ombe ameshafika. Mboje alimleta mwenyewe, akakataa kuingia ndani. Nilimpa maji, akakishika kikombe tu mpaka nilipokunywa changu. Sikumlaumu, maana na mimi maziwa ya ng'ombe wake nampa paka kwanza, halafu nasubiri. Paka amenenepa.

Aliniambia, "Mama Victor, nakuachia huyu. Hapendi kelele." Basi, akaondoka. Victor anasema wametuletea askari mwenye pembe atuchunguze.

Mama yako,
Agnesi

Katandala
26 Novemba 2023

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Kwa kuwa ng'ombe ameshafika, tafadhali shika haya. Usimwache Victor peke yake naye. Usimnunulie pumba kwa mtu usiyemjua. Na ikitokea akafa, msimle na msimchune, hata mkia usikatwe. Mfukieni mzima, mashahidi wakiwepo. Hapo hakuna atakayesema tulimuua kwa tamaa ya nyama. Nimelifikiria sana jambo hili, na ndiyo njia salama.

Binti yako,
Hellena

Kijijini
8 Februari 2024

Mwanangu,

Salaam. Sisi hatujambo, ila ng'ombe amekufa jana. Alikataa kula, akapumua kwa shida, akalala. Tumefanya kama ulivyosema. Valerian, balozi wetu wa nyumba kumi, na jirani yetu Albina walishuhudia. Shimo alichimba Victor, huku mkono ukimuuma. Kwa Mboje nimepeleka taarifa.

Sikujua nimemzoea mpaka nilipolikuta zizi tupu.

Mama yako,
Agnesi

Katandala
15 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Sijalala vizuri. Leo Wasukuma hawakuja kikaoni. Alikuja mzee wao mmoja tu, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Ngozi iko wapi?" Nikamwambia ng'ombe amezikwa. Akacheka, lakini si kwa furaha. "Tangu lini Wafipa mnazika nyama?"

Kwao, ng'ombe aliyeachiwa mtu amtunze akifa, mwenyewe hupelekewa ngozi aione alama yake. Ngozi isipokuja, ng'ombe ameuzwa. Na mashahidi wetu wote ni Wafipa, mama. Mimi ndiye niliyewaambia msimchune. Nilitaka kuwakinga, kumbe nimewaweka pabaya.

Mlete Victor kwangu kabla hawajafika. Nijibu haraka.

Hellena

Katandala
1 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Stanley anaapa kwamba alikukabidhi barua mkononi. Leo nimesikia Mboje ameonekana kwenye njia ya kwetu akiwa na vijana. Hata neno moja tu, mama.

Hellena

Kijijini
10 Machi 2024

Mwanangu Hellena,

Marahaba. Tuko hai, wote. Sikujibu kwa sababu sikujua mambo yataishia wapi.

Mboje alikuja kweli, na vijana wawili, mmoja wao yule wa jicho. Victor akatoka na panga, akasimama penye zizi. Mboje akaulizia ngozi. Nikamweleza ukweli wote, kwamba binti yangu wa ofisini aliogopa mtasema tumemla.

"Mliogopa tutasema mmemla," akasema. "Na sisi tukasema mmemuuza."

Nikamwekea jembe miguuni, nikamwambia shimo lile pale, chimbeni. Kijana mmoja akalinyakua. Mboje akamzuia, akaenda mwenyewe, akalizunguka kaburi, akaona limefunikwa miiba.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi," Victor akasema.

"Ya nini?"

"Fisi."

Mboje akawaita vijana wake. Waliondoka bila kuaga, na wiki nzima Victor hakuliweka panga mbali. Nami sikumwambia aliweke.

Jana yule kijana wa jicho amekuja peke yake, anaswaga ng'ombe mwenye ndama. Akamfunga kwenye nguzo. Mimi hakunitazama, alimwambia Victor, "Mzee anasema huyu akifa, mchuneni."

Victor akachukua panga akatoka. Nikaanza kumkimbilia huku nikimwita. Alirudi na mzigo wa majani kichwani, akaumwaga mbele ya ng'ombe.

Usiniulize kama ni wema au ni mtego, sijui. Ila asubuhi hii nimekamua, nikanywa. Paka alikuwa amekaa mlangoni, anasubiri zamu yake.

Mama yako,
Agnesi